Kutoka Uwanja A Hadi Uwanja B

Nimwaka ameniletea daftari,
kalamu ya risasi ameitafuna kitako:
Ndege yatoka uwanja A kwenda uwanja B,
umbali kilomita mia nne ishirini na tano,
kasi kilomita mia tano na kumi kwa saa.
Tafuta muda.

Tukagawanya. Tukafuta. Tukagawanya tena.
Dakika hamsini.
Akapiga mstari chini yake kwa rula,
kisha wa pili, kama mtu anayetia komeo.

Ngoja, nikamwambia. Usifunge.
Huo uwanja A naujua, ni Nairobi,
asubuhi ya baridi na sweta la kuazima.
Na B ni hapo ng'ambo, Moi;
ukisimama nyuma ya choo chetu usiku
waziona taa zake.
Miye nilikuwa ndani ya hesabu hiyo.

Simu ya babako ilinifikia alfajiri:
Mejumaa ameshikwa na uchungu,
na jina analolitaja ni lako tu.
Sikuwa nimepanda ndege maishani.
Nikavunja kibubu.

Rubani akasema dakika hamsini,
kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunywa chai.
Zilikuwa hamsini na tano.
Tano alizila akizunguka, akingoja njia,
na hizo tano ndizo ninazotaka uziandike,
kwa sababu tulizunguka juu ya Mtongwe.

Kiti changu kilikuwa cha dirishani, mkono wa kulia.
Nikaona maji ya Port Reitz, kijani cha chupa,
mikoko, kisha mabati yetu,
lile moja jipya katikati ya yenye kutu,
na kamba ya nguo, na shuka nyeupe juu yake.
Nyumba nzima ingeenea kwenye ukucha wangu.
Nilitafuta ngazi, wallahi,
mtu mzima mimi, nilitafuta ngazi.
Ilikuwa saa nne kamili.
Saa yangu na saa ya mkunga, Bi Mwanamisi,
tulikuja kuzilinganisha baadaye, zikapatana:
ndipo ulipolia.

Saa nne na dakika tano magurudumu yakagusa lami.
Kutoka pale hadi kwenu
ni kilomita sita, kunguru akinibeba.
Kunguru hakunibeba.
Barabara ya Dongo Kundu siku hizo
ilikuwa michoro katika ofisi ya mtu.
Basi teksi: Magongo, Changamwe,
lori mbele, lori nyuma,
Makupa, Mwembe Tayari,
dereva akinieleza ugomvi wake na shemeji yake,
hadi Likoni,
na Likoni feri moja imekufa injini,
ya pili imelemewa na watu upande mmoja.
Nilisimama kati ya mkokoteni wa mitungi
na mbuzi aliyenishinda kwa subira.
Maji yale hayafiki hata kilomita moja.
Yalinila saa moja na nusu.

Nilibisha hodi saa saba na nusu.
Umri wako ulikuwa saa tatu na nusu,
umeishi karibu mara nne ya safari yangu ya angani,
umeshaogeshwa, umeshanyonya,
umeshachoshwa na dunia, umelala.
Mamako akafungua jicho moja.
«Kwani umekuja kwa miguu?»

Nimwaka akanitazama,
akazitazama dakika zake hamsini.
Akageuza kalamu, akafuta mstari mmoja,
akaandika chini kwa herufi ndogo:
na Likoni.

Jana daftari limerudi.
Dakika hamsini, tiki.
Na Likoni,
mwalimu, ambaye hulala Tudor na huvuka kila alfajiri,
hakutia tiki wala kosa.
Ameandika kwa wino mwekundu:
Hili bado hatujalifikia.